Boksa za mshale mwekundu: kukodi pikipiki Tanga kwa aliyezoea kuendesha kulia

Duka halina kibao. Ukishuka stendi ya Kange, mwambie bodaboda akupeleke Ngamiani kwa wale wa mshale, naye atakufikisha bila kuulizana ni barabara ya ngapi. Mshale wenyewe ni utepe mwekundu wa mafundi umeme, umebandikwa juu ya tangi la kila pikipiki, ncha ikitazama kushoto. Pikipiki ni zile zile zinazobeba abiria mjini kote: Boxer BM 150 nane na za Kichina tatu zilizokwishachoka. Bei si ya kutupa, shilingi 35,000 kwa siku, mafuta juu yako. Kinachowatofautisha ni kwamba mgeni hapewi ufunguo mpaka apitishwe mazoezi ya kuendesha kushoto, kama dakika arobaini hivi, na anayeyafundisha anajua makosa hutokea wapi. Pesa yako inakwenda hapo.

Wanaohitaji huduma hii si Wazungu peke yao. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Tanzania, Kenya na Uganda kushoto. Bandari ya Tanga hupokea mizigo ya nchi za ndani, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, kwa hiyo mji una watu wa kila namna wanaotaka usafiri wa wiki mbili tatu. Mtu wa Bukavu au Bujumbura akifika hapa lugha haimsumbui, bei anabishana mwenyewe, samaki anachagua mwenyewe. Kinachomponza ni barabara tupu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Penye magari mengi ni nadra mtu kukosea upande, maana anamfuata wa mbele yake. Kosa huja pasipo na wa kumfuata: ukitoka sheli baada ya kujaza mafuta, ukigeuza kurudi ulikotoka, ukiingia lami kutoka njia ya vumbi isiyo na mstari. Na huja zaidi siku ya tatu au ya nne kuliko ya kwanza. Siku ya kwanza unajilinda; ya nne umeshajiona mwenyeji, mawazo yako kwenye simu ya nyumbani, na mikono inarudi kule ilikozoea.

Mazoezi hufanyika asubuhi kwenye kiwanja cha wazi. Madumu manne ya lita ishirini hupangwa kuwa njia panda, la tano huwekwa katikati. Mkufunzi haanzi na sheria. Anaanza na mkono.

“Kaka, mkono wa mafuta uko wapi?”

“Huu wa kulia.”

“Haya. Huo ndio ukae upande wa katikati ya barabara, saa zote. Ukiuona uko upande wa majani, ujue umeshapotea.”

Ni mafundisho bora kuliko kumwambia mtu “endesha kushoto, endesha kushoto”. Anayehamia gari la nchi nyingine husaidiwa na usukani: ukikaa tu, umeshajua umehamishwa. Pikipiki haina msaada huo. Bujumbura au Tanga, klachi iko mkono wa kushoto, breki ya mbele mkono wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kulia, gia mguu wa kushoto. Hakuna kilichohama isipokuwa barabara, na barabara haikugusi mwilini. Mkono wa mafuta hauachi kushikwa, kwa hiyo alama ikiwekwa hapo inakaa. Ule mshale wa kwenye tangi, pamoja na umaarufu wake wote, hausaidii sana, maana anayetazama mbele haoni tangi. Waombe kipande cha utepe ukibandike kwenye mkono wa saitimira ya kulia, jicho linapopita kila baada ya sekunde chache.

Zoezi la pili ni kukata kulia. Kwa mtu wa Kigali kukata kulia ni kona fupi ya kubana ukingo. Hapa ndiyo ndefu, inayovuka njia ya wanaokuja. Unatazama saitimira ya kulia, unawasha indiketa mapema, unasogea karibu na mstari wa kati, unageuza kichwa kutazama juu ya bega la kulia, unasubiri wanaokuja wapite, ndipo unaingia na kuishia upande wa kushoto wa barabara mpya. Wengi hulisahau bega. Bodaboda wa mjini hapa akikuona unapunguza mwendo anakupita kulia, indiketa yako ikiwaka au isiwake, na kioo kidogo cha Boxer hakimwonyeshi akiwa ubavuni. Mkufunzi hulifundisha hili kwa ukorofi wa makusudi: anakufuata na pikipiki yake, na ukianza tu kukata anakupita kulia bila honi. Akikufanyia mara mbili, ya tatu kichwa kinageuka chenyewe.

Nao mwisho wa kona ndiyo nusu ya kosa. Watu wengi hukata vizuri kisha wakaishia upande wa kulia wa barabara mpya, kwa sababu macho yanatafuta ukingo ulio karibu. Dawa wanayoitoa dukani ni kuchagua kabla ya kukata kitu kilicho upande wa kushoto wa barabara unayoiingia, nguzo, mwembe, meza ya chipsi, na kukielekea hicho. Inafanya kazi.

Kukata kushoto kunapewa sentensi moja tu, na hili ndilo kosa kubwa la mazoezi yao. Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, na wake kwa waume wanakwenda sokoni na kazini kwa baiskeli, wakibana ukingo wa kushoto. Wewe unayekata kushoto unampita mbele ya uso mtu wa baiskeli aliye kushoto kwako, na mazoea ya kwenu yanakutuma utazame kioo cha kulia kabla ya kubana ukingo. Kioo cha kushoto ndicho cha kutazama, kisha bega la kushoto, na ukimkuta umpishe kwanza ndipo ukate nyuma yake. Omba dakika kumi za hili peke yake. Hawakatai, ila usipoomba hawakupi.

Halafu kuna kipilefti. Neno lenyewe limetoka kwenye kibao cha Kiingereza kinachoamuru ushike kushoto, kwa hiyo Mtanzania anaposema “ukifika kipilefti” ameshataja sheria bila kujua. Unaingia kwa kushoto, unazunguka kama unavyokwenda mshale wa saa, unampisha aliye kulia kwako ambaye ameshaingia, unatoka kwa indiketa ya kushoto. Kwa aliyezoea kulia mambo yote yamegeuka, na kilicho kigumu kugeuka ni jicho: kwao magari ya mzunguko yanatoka kushoto, kwa hiyo mtazamo wa kwanza unakwenda kushoto, unakuta weupe, na klachi inaachiwa. Mkufunzi humtaka mteja atamke “kulia” kwa sauti kabla ya kuachia klachi. Watu huona haya. Yafaa kuona haya kwenye kiwanja cha madumu.

Kwenye mitaa ya Ngamiani, ambako barabara zenye namba zinakatana moja baada ya nyingine na nyingi hazina kibao, mtu wa Kongo au Burundi aje na tahadhari ya ziada. Kwao anayetoka kulia hupishwa hata pasipo na alama. Hapa usiidai haki hiyo kwa bajaji iliyobeba watu watatu na gunia la nazi. Shuka gia ya pili kila njia panda, vidole viwili juu ya breki ya mbele, na mpishe yeyote asiyeonyesha dalili ya kukuona.

Jambo dogo ambalo dukani hawalisemi kabisa: sitendi ya pembeni iko kushoto kwenye pikipiki zote. Barabara imeinuka katikati na kuteremka pembeni ili maji yatoke. Ukiegesha ukingoni kwenye nchi ya kulia, sitendi inakuwa upande wa juu, pikipiki inasimama wima mno na upepo wa basi unaweza kuiangusha. Hapa ni kinyume chake: sitendi iko upande wa chini, pikipiki inalala sana na uzito wote unakandamiza ncha ile ndogo. Juu ya mchanga wa Tanga inazama taratibu, na ukirudi kutoka kunywa maji unaikuta imelala, mkono wa klachi umevunjika. Beba kopo la soda lililopondwa au kigae cha ukubwa wa kiganja, ukiweke chini ya sitendi. Ukiwa na mzigo nyuma, tumia sitendi ya kati.

Sasa pikipiki zenyewe. Boxer wanazitunza vizuri, na kwa safari za mkoa huu zinatosha. Zile za Kichina usizichukue, hata wakikupunguzia 10,000. Sababu kubwa ni gia. Boxer za dukani zina ya kwanza chini, kisha N, yaani bila gia, halafu nyingine zote unainua. Za Kichina zinaanza na N na gia zote zinakanyagwa mbele. Hakuna anayekuambia mpaka uulize. Aliyezoea mfumo mmoja akipewa mwingine, siku ya hatari mguu utafanya kinyume: anataka kushuka gia anapanda, pikipiki inakosa nguvu katikati ya njia panda, au anataka kupanda anashuka, tairi la nyuma linakwama na kuteleza. Mtu anayejifunza upande mpya wa barabara asiongezewe na gia mpya. Kama huna hakika, weka pikipiki kwenye sitendi ya kati, injini imezimwa, zungusha tairi la nyuma kwa mkono huku ukikanyaga gia, uhesabu milio.

Kabla ya kutia saini, kagua mwenyewe. Cheni ikibonyezwa katikati kwa kidole ipande na kushuka milimita 25 hadi 35, na uipime sehemu tatu huku ukizungusha tairi, maana cheni iliyochakaa inakaza pembe moja na kulegea nyingine. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama ya papa, kataa. Kanyagio la breki ya nyuma lishuke sentimita mbili hadi tatu kabla ya kushika. Zaidi ya hapo breki inachelewa. Chini ya hapo inaburuza, na haba, yaani kitovu cha tairi, inakuwa ya moto baada ya kilomita chache. Washa taa ya breki kwa mguu, kisha kwa mkono wa mbele peke yake. Mara nyingi swichi ya mkono imekufa na hakuna aliyejua, na wewe kwenye mazoezi umefundishwa kutumia breki ya mbele. Spoki zigongwe moja moja kwa spana. Inayotoa mlio wa kopo imelegea.

Upepo hawaupatii. Kijiweni mtu hujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, na duka limeiga. Boxer yenye matairi ya 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma inataka psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 nyuma ukipakia mtu. Ukiachiwa 35 kote, juu ya mchanga na changarawe pikipiki itarukaruka na breki ya mbele itateleza mapema. Upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Oili ni 20W-50, itazamwe kwenye kioo chake pikipiki ikiwa wima, isiwe imelala kwenye sitendi ya pembeni.

Helmeti ndizo zinazowashusha. Wanatoa mbili kwa kila pikipiki, ya dereva na ya abiria, na wanasisitiza zivaliwe zote, hilo wapongezwe. Lakini ya abiria mara nyingi ni ganda jepesi lenye sponji laini ya godoro ndani, na kioo kilichokwaruzwa hadi jua la jioni likikupiga usoni huoni kitu. Helmeti ya kweli ina ukuta mgumu mweupe au mweusi chini ya kitambaa, ukiubonyeza kwa dole gumba haubonyei kirahisi, na nyuma au kwenye mkanda ina alama ya E ndani ya duara pamoja na namba. Ifunge, tikisa kichwa. Ikizunguka peke yake si saizi yako. Anayekaa zaidi ya wiki na aje na yake.

Kuhusu karatasi duka liko nusu. Wanakupa nakala ya kadi ya pikipiki na bima ndogo, ile ya kulipa uliyemgonga. Wewe mwenyewe na pikipiki haiwahusu. Kabla hujaondoka, ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, uone kama bima ni hai, kisha kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya trafiki uone kama aliyetangulia amekuachia faini. Faini ya pikipiki na bajaji ni shilingi 10,000 kwa kosa tangu 2021, ilipopunguzwa kutoka 30,000. Inalipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo, kwa simu au benki. Ukisimamishwa, zima injini, vua miwani, “habari za kazi, afande”, toa leseni kabla hujaulizwa, na kama kosa lipo omba uandikiwe. Mambo huisha kwa dakika tano.

Pasipoti usiwaachie. Wanaiomba kama dhamana, kwa upole wote wa watu wa Tanga, pamoja na kiti na maji ya kunywa. Mgeni anatakiwa aweze kuionyesha akiulizwa, na barabara ya Horohoro, ya kuelekea mpakani, si mahali pa kukutwa na nakala iliyofifia. Ukikataa kwa adabu wanakubali amana ya 200,000. Mkataba ni ukurasa mmoja. Unasema nani analipa kioo na indiketa, hausemi kitu kuhusu injini ikifa njiani. Waandikishe kwa mkono kwamba ubovu wa injini, klachi na betri ni wao, pancha na michubuko ni yako, kisha piga video ya pikipiki nzima ukiwa umesimama na mwenye duka.

Kuvuka nayo kwenda Kenya hawaruhusu, na wako sahihi. Pikipiki ya kukodi mpakani inahitaji kadi halisi, barua ya mwenye mali, kibali cha forodha na Kadi ya Njano, bima ya kuvuka mipaka ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo anayekuja na pikipiki yake kutoka Burundi au Rwanda aikate kadi hiyo kwao kabla ya safari. Naye aitazame taa yake ya mbele usiku, mita tano kutoka ukutani. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kulia, ikiwa kwenye mwanga wa chini, inainua ncha ya mwanga upande wa kulia, na hapa kulia ndiko wanakotoka wenzako. Kipande cha utepe mweusi juu ya kioo, mahali mwanga unapopanda, kinatosha. Pikipiki nyingi ndogo zina mwanga ulio sawa pande zote na hazihitaji hilo.

Wakenya wanapitishwa mazoezi yale yale ya dakika arobaini, jambo la kuchekesha kidogo kwa mtu wa Likoni aliyezaliwa akiendesha kushoto. Waombe wakupunguzie 5,000 ya siku ya kwanza, na ile nusu saa itumike kwa mambo yanayotofautiana. Kibao cha 50 mwanzo wa kijiji kinashika mpaka ukione cha kukifuta, hata kama nyumba zimekwisha na mbele ni shamba la mkonge, na trafiki mwenye kamera hukaa pale pale unapodhani kijiji kimekwisha. Mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ni kosa huku kama huko kwenu. Kituo cha mafuta kinaitwa sheli hata kama si ya Shell.

Kuhusu njia, mpangilio wao wa siku ni mzuri. Siku ya kwanza hupewi ruhusa ya kwenda mbali: Raskazone na kurudi, barabara pana, magari machache, upepo wa bahari. Ya pili Amboni, kama kilomita 8 kwa barabara ya Horohoro, unakutana na malori lakini safari ni fupi. Baada ya hapo Tongoni, au Pangani iliyo kilomita 50 hivi, na mwisho ndiyo barabara ya Muheza na Segera, ambayo mgeni asiianze kabla ya siku ya nne.

Barabara hiyo ina lugha yake na mkufunzi anaijua vizuri, ila anaielezea mezani badala ya kukuonyesha. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia bila kukata mahali, linakuambia usipite. Ya kushoto, pita. Itumie kama habari, isiwe ruhusa: dereva anajua urefu wa lori lake, hajui nguvu ya Boxer yako yenye abiria kwenye mlima. Matawi ya majani barabarani maana yake mbele kuna gari limeharibika, mara nyingi baada ya kona, nusu yake ikiwa juu ya lami. Gari linalokuja likikumulika mchana huenda linakuonya kuhusu trafiki, au linakuambia “nimeshaingia kwenye njia yako, kaa pembeni”. Hiyo ya pili ndiyo ya kuogopa. Basi likipita lori hutegemea pikipiki iteremke kwenye bega la barabara, na mgeni wa kulia akishtuka mkono humvuta kulia, yaani katikati kabisa, mbele ya basi. Kwenye kiwanja cha madumu hakuna zoezi la hili, na lingekuwapo lingestahili peke yake hiyo 35,000: punguza kwa breki zote mbili, elekea kushoto, teremka ukiwa umeachia mafuta kidogo, usibane breki ya mbele ukishagusa mchanga. Kupanda tena, simama kwanza. Ukingo wa lami sehemu nyingine umekuwa ngazi ya kiganja, na ukiupandisha kwa mshazari tairi linausugua bila kupanda mpaka uanguke.

Pongwe, karibu na kiwanda cha saruji, vumbi la malori likipata manyunyu ya kwanza ya vuli linakuwa utelezi. Subiri nusu saa mvua ioshe. Reli ivukwe kwa pembe ya mraba, gurudumu lisije likatumbukia kwenye mfereji wake. Na msimu wa machungwa Muheza, tazama chini penye wauzaji. Maganda yanateleza kuliko oili.

Mafuta hayasumbui. Tangi la Boxer ni lita 11, na kwa mwendo wa adabu unapata kilomita 40 hadi 45 kwa lita. Tapu ikae kwenye ON; mafuta yakikatika geuza RES utafute sheli, na ukishajaza uirudishe, la sivyo safari ijayo akiba haitakuwapo. Bei kikomo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Tanga ina yake. Petroli ya chupa pembeni mwa barabara iache, hujui imechanganywa na nini.

Pikipiki irudi saa kumi na mbili jioni, hata kama umelipia siku tano. Inalala dukani na asubuhi unaichukua tena. Wateja hulalamikia sharti hili kuliko bei, na kwa anayekaa Pangani halitekelezeki, wanamruhusu kwa kuongeza amana. Lakini kwa mgeni wa upande lina maana. Giza likiingia mstari wa kati hauonekani sehemu nyingi, baiskeli hazina taa, na kile ulichokuwa unakifuata mchana, gari la mbele, kinageuka kuwa taa mbili nyekundu zisizokuambia ziko upande gani.

Amana hurudishwa pale pale baada ya fundi kuzunguka pikipiki mara moja, bila vituko. Ukiwaomba utepe mwekundu wanakukatia kipande kingine bure. Kichukue. Anayerudi Rwanda au Burundi baada ya wiki tatu za Tanga anarudi na jicho la hapa, na asubuhi ya kwanza nyumbani, akitoka sheli, hana mkufunzi. Kibandike kwenye mkono wa saitimira ya kushoto, upande wa klachi, ukae siku nne.